Mawe Saba ya Mama Dripu

Ndugu wananchi wa dunia, wake kwa waume, wazima na wenye bandeji: natangaza rasmi, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe bila kupingwa na mtu, kwamba mimi ni mtu wa amani. Nimeitumikia amani tangu kidato cha kwanza. Nimeiombea bwenini, nimeihubiri mstarini, na wenzangu, kwa kuutambua wito huo, wakanipa jina la Askofu.

Jumapili ile ya amani, kwa taarifa yenu, yalitoka meno manne. Matatu yalipata wenyewe. La nne lilikutwa ndani ya kikombe cha maji ya maombi, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kulidai.

Nianze na bomba.

Shule yetu ina mabweni mawili. Moja limejengwa kwa matofali, tunaliita Matofali, na humo ndimo ninamolala. La pili ni bati tupu, kuanzia ukutani hadi paani, tunaliita Mabati. Jua likiwaka wakazi wake wanaiva, mvua ikinyesha hawasikilizani. Kati ya mabweni hayo kuna uwanja mdogo wa saruji, na hapo lipo bomba moja. Pampu iliharibika muhula uliopita, kwa hiyo maji yanatoka kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi, na yakikata yamekata. Ndoo mia na ishirini, bomba moja, saa moja. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: ndoo ndiyo mwenyewe. Jioni unaipanga ndoo yako kwenye foleni, unakwenda kula, unakwenda kulala, nayo inakushikia nafasi mpaka asubuhi. Hakuna anayegusa ndoo ya mwenzake. Unaweza kuiba sabuni ya mtu, soksi za mtu, hata barua ya mchumba wa mtu ukaisoma mbele ya bweni zima kwa sauti ya kwaya. Lakini ndoo, hapana.

Jumanne moja tuliamka tukakuta ndoo kumi na mbili za Matofali, zilizokuwa mbele kabisa, zimehamishiwa mkiani, na ndoo za Mabati zimekaa mbele zimetulia kama wajumbe wa kamati. Mkono uliofanya kazi hiyo haukujulikana. Ulikuwa, lazima niseme, mkono wa fundi, maana ndoo zilikuwa zimepangwa kwa urefu.

Kilichofuata hakikuzidi dakika kumi. Kaka mmoja wa kidato cha nne aliipiga teke ndoo ya kwanza ya Mabati, mwenye ndoo akamjibu kwa mfuniko wa sufuria, na baada ya hapo hapakuwa na kujibizana tena. Mikanda ilivuliwa. Mafagio yalivunjwa gotini ili kila fagio litoe fimbo mbili. Nilimwona mvulana mpole, anayeimba sauti ya kwanza kanisani, akimgongesha mwenzake kichwa kwenye nguzo ya bomba, taratibu, kwa utulivu wa mtu anayepigilia msumari. Bomba lilikuwa limefunguliwa na hakuna aliyelifunga. Maji yalitiririka bure kwenda mtaroni yakiwa mekundu, na watu waliteleza humo, wakaanguka, wakakanyagwa mikono. Kelele nimezisahau. Ninachokikumbuka ni mlio wa ndoo za chuma zikikutana na mifupa, kwa sababu mlio huo ni mmoja na ule wa kuosha vyombo.

Ndoo mojawapo ilishikwa na kiongozi wa bweni la Mabati. Tunamwita Nanga, kwa kuwa akisimama mahali huwezi kumsogeza. Aliizungusha ikiwa na maji nusu, ikaja kwa kasi, ikatua kwenye taya la Redio.

Redio ni rafiki yangu. Analala kitanda cha juu yangu tangu siku tuliyofika shuleni, na jina lake limetokana na kwamba akifumbua macho tu anaanza kuongea, na hakuna kitufe cha kumzima. Taya lilivunjika mahali pawili. Lilitoa mlio mdogo, mkavu. Redio akakaa chini kwenye maji, mdomo umekwenda upande ambao midomo haiendi, akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema.

Hospitalini walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wiki sita, wakamrudisha kwenye zahanati ya shule na daftari la kuandikia shida zake. Mkuu wa shule akamwita Nanga ofisini akamsomea makosa mawili: kuhamisha ndoo na kuvunja taya. La pili Nanga alilikubali. La kwanza alilikataa, akalikataa tena, na Mkuu akasema mtu anayekataa kosa dogo huku amekubali kubwa ana dharau. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ulibakiza wiki tatu. Kufukuzwa wakati huo maana yake ni miaka minne imemwagwa mtaroni pamoja na yale maji.

Hapo ndipo alipoingia Mama Dripu.

Mama Dripu ni nesi wetu. Ni mfupi, mpana, anatembea na funguo zote za zahanati kiunoni, kwa hiyo wanaojifanya wagonjwa humsikia mapema na kujipanga. Ukiumwa kichwa anakutundikia dripu. Ukiumwa tumbo, dripu. Ukimwambia una mawazo anakuangalia mishipa. Alimwambia Mkuu kwamba kumfukuza mtoto mmoja hakutaponya taya wala kutuliza mabweni, na akamwomba ampe siku ya Jumapili. Katika ujana wake, alisema, alifanya kazi hospitali moja ambako wagonjwa wa vidonda vya muda mrefu walikuwa wakitembea kwenye mzingile wa mawe, yaani njia iliyojikunja hadi katikati, wakibeba maji, kama sala. Si wote waliopona vidonda, alisema, ila hakuna aliyemaliza njia ile akiwa na hasira aliyoanza nayo.

Mkuu alimpa Jumapili, na sharti juu yake. Mabweni yote mawili yautembee mzingile. Maji ya wote yaingie beseni moja. Yakiingia kwa amani, Nanga atabaki afanye mtihani. Lakini pakitokea hata kusukumana, Nanga afunge sanduku lake. Tulitangaziwa hayo mstarini, neno kwa neno.

Jumamosi nzima sisi tulikuwa kwenye adhabu, tukisugua kuta za mabweni kwa brashi, milango imefungwa kwa nje. Huko nje Mama Dripu na fundi bomba wa shule walikuwa kwenye uwanja wa michezo na kigingi, kamba, na mikokoteni ya mawe yaliyobaki kwenye ujenzi wa ukuta. Kila jiwe lilikuwa na ukubwa wa mkate. Hatukuwaona, ila tuliwasikia kupitia dirishani. Fundi bomba alikuwa akinung'unika kwamba katika vitu vyote vya kuwawekea watoto waliotoka kupigana, mama huyu amechagua mawe.

"Wanayapita tu," Mama Dripu akamwambia. "Hawayaokoti."

"Mama, mimi nimezaa wavulana watano," alisema fundi bomba.

Sasa naomba tuelewane kuhusu mimi. Kila mtu alimtaka Nanga abaki au aondoke kwa sababu zake. Mimi nilimtaka aondoke. Sikuona kwa nini mtu aliyemfanya Redio anyonye chakula kama kitoto aendelee kutafuna kwa meno thelathini na mawili na kufanya mtihani juu yake. Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ya kupumzika, wenzangu wakiwa wamelala midomo wazi, nilitoka kwenda kuukagua mradi wa amani.

Ulikuwa kazi nzuri, sitasema uongo. Mzingile si mahali pa kupotea, kama nilivyodhani. Hauna njia panda wala mwisho wa uongo. Huu ulikuwa na milango miwili, mmoja wa Matofali na mmoja wa Mabati, na njia mbili zilizojikunja pamoja kama nyoka wawili kwenye kiota kimoja, kuzunguka na kuzunguka mpaka katikati, kwenye beseni. Kila njia ilitosha mtu mmoja. Kati ya njia na njia ulikuwepo mstari mmoja tu wa mawe. Nikaelewa ujanja wa yule mama: kwa robo saa nzima utatembea bega kwa bega na adui yako, mnaelekea upande mmoja, na hamgusani.

Nilitembea njia yetu yote, mikono mitupu, ili nijue inavyokwenda. Nilifika kwenye beseni. Lilikuwa kavu, lina kumbikumbi mmoja. Sijui kwa nini nilisimama pale kwa muda mrefu kiasi kile. Kisha nikarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa mawe saba. Kwenye mzunguko wa tatu, upande wa mbali, nilitoa mawe saba kwenye mstari unaotenga njia, pakabaki uwazi kama mlango. Mawe hayo hayo nikayapanga kuikata njia ya Mabati, mbele kidogo ya uwazi. Basi. Mtu wa Mabati akifika hapo hana pa kwenda isipokuwa kupenya na kuingia kwenye njia ya Matofali, mbele ya mtu wa Matofali. Kwa maneno mengine, aruke foleni. Nilipangusa mikono nikarudi kulala, na nililala usingizi wa mtu wa amani.

Saa kumi jioni tulipangwa. Jua lilikuwa bado kali. Mama Dripu alisimama bombani, kwenye pipa alilolijaza asubuhi, akimpa kila mmoja kikombe cha bati kimejaa hadi ukingoni. Alitueleza mara moja tu. Tembea polepole. Usiseme. Kila kona, mkumbuke mtu mmoja mwenye maumivu, na umwombee kwa maneno ya kwenu, ya dini yenu, au kama huna maneno, mtaje tu jina. Ukifika katikati mwaga maji yako kwenye beseni. Maji hayo, alisema, ndiyo yatakayomwosha Redio uso, na yatakayobaki yataosha saruji ya bombani pale damu ilipogandia.

"Msimwage njiani," alisema. "Mwenzenu ana kiu."

Walianza wadogo, wakubwa nyuma. Nanga aliwekwa katikati ya mstari wa Mabati, ili asiwe wa kwanza wala wa mwisho. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, karibu na kifua, macho yamezama kwenye maji. Mimi nilijipanga nafasi kumi nyuma ya mtu wetu wa kwanza, mahali penye mandhari nzuri.

Mzunguko wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Wavulana karibu mia na ishirini walikuwa wanatembea na kinachosikika ni viatu tu. Mvulana wa Mabati aliyekuwa ubavuni mwangu alikuwa na uvimbe jichoni wa ile Jumanne, mimi nikiwa na alama ya mkanda shingoni, na tulikwenda hatua sawa, kona sawa, vikombe vyetu vikitikisika sawa. Nitakiri kitu hapa: kwenye kona moja nilitaja jina la Redio moyoni, na haikuwa utani.

Halafu mtu wa kwanza wa Mabati akafika kwenye mawe saba.

Alisimama. Alitazama mbele, akatazama kushoto akaona uwazi, akadhani ndiyo njia. Alikuwa kitoto cha kidato cha kwanza, kikombe kikubwa kuliko uso wake. Akapenya. Mtu wetu akamgonga mgongoni, maji yakaruka, yakamlowanisha shati. Wa pili wa Mabati naye akapenya. Wa tatu. Mstari wetu ukarundikana. Bado hakuna aliyesema. Ningekaa kimya, huenda wangepishana, kwa sababu mtu wetu wa kwanza alikuwa ameshaanza kurudi nyuma hatua moja.

Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wanaruka foleni tena."

Kikombe cha kwanza kilimpata mtu puani. Kikombe cha bati kilichojaa maji si chombo cha mchezo. Kilimpasua kuanzia jichoni hadi mdomoni, na alipoinama kushika uso wake alipigwa goti. Kisha mtu akainama akaokota jiwe, na fundi bomba, kule bombani, akaweka mikono kichwani.

Mawe mia nne yalikuwa yamepangwa vizuri, yamesafishwa, kila mtu analo la kwake mguuni. Hapakuwa hata na haja ya kutafuta. Jumanne tulipigana kama watu. Jumapili tulipigana kama wachimba mawe. Nilimwona mmoja akimkalia mwenzake kifuani na kumgonga kwenye bega kwa jiwe, akihesabu. Nilisikia kiwiko kikivunjika. Mvulana wa sauti ya kwanza alikuwa chini, amefunika kichwa, na vidole vyake vilikuwa vinapigwa mateke ili vifunguke. Mtu alipita mbele yangu akitema damu na kitu cheupe, akaendelea kukimbia kuelekea kwenye vita, si kutoka. Na mimi nilirusha. Moja. Sikulifuatilia lilipotua.

Katikati ya hayo yote alikuwa Nanga.

Alikuwa amekiinua kikombe juu ya kichwa, mikono yote miwili, na alikuwa anatembea. Hakuwa anapigana. Watu wa Matofali walimchapa mikanda mbavuni, mikono yake ikiwa juu hana cha kujikingia, naye alikwenda tu, akafuata mzunguko, kona hii, kona ile, kama mtu ambaye hajaona kwamba njia haipo tena. Alifika mbele yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye njia.

"Mdogo wangu, nipishe," alisema. "Maji haya si yangu."

Sikumpisha. Sikumgusa pia. Nilisimama tu, na katika kusimama huko jiwe lilikuja kutoka nyuma yangu likampata juu ya sikio. Aliteremka taratibu, akakiweka kikombe chini, wima, akakishikilia mpaka kilipotulia, ndipo akaanguka pembeni yake. Damu yake haikuingia kwenye kikombe. Jino la mtu ndilo lililoingia, likiruka kutoka kusikojulikana, likazama, na hapo ndipo Mkuu wa shule alipotokea na filimbi.

Wanane walikwenda hospitali. Mkuu hakuhitaji kusema tena sharti lake.

Mimi nilipasuka nyusi, kwa hiyo nilipelekwa zahanati kushonwa. Mama Dripu alinishona nyuzi tano, nilivyoona, bila ganzi ya kutosha. Alipotoka kwenda kwa wengine nilihamia kitanda cha Redio, kilichopo dirishani. Nilimpa habari njema: Nanga anaondoka kesho, baba yake ameitwa, anakuja saa sita mchana.

Redio alichukua daftari akaandika, akanigeuzia. *Nani atanipa maziwa?*

Nilimwambia maziwa yatatoka jikoni kama kawaida. Akatikisa kichwa, akaandika kwa muda mrefu, kalamu ikitoboa karatasi. Tangu arudi hospitalini, aliandika, Nanga alikuwa anakuja kila mapumziko na kikombe cha maziwa na mrija, anaushikilia kwenye pengo la waya. Siku ya kwanza Nanga alilia mpaka maziwa yakamwagika. Redio alimkataza kuniambia, kwa sababu ananijua nilivyo.

Halafu akageuza ukurasa. *Dirisha hili linaona uwanja. Saa ya kupumzika sikulala.*

Nilitazama dirishani. Ni kweli. Uwanja wote ulionekana, na mawe yake yametapakaa.

Chini kabisa aliandika neno moja. *Rekebisha.*

Nilifikiri usiku kucha jinsi ya kurekebisha bila kuonekana, maana kurekebisha huku unaonekana ni jambo jingine kabisa. Kulipokucha Mama Dripu akaniletea nafasi mikononi. Aliamuru kila anayeweza kuinama aende uwanjani, aokote mawe, ayaoshe bombani yale yenye damu, na kuyarudisha yalivyokuwa. Mkuu alimwambia haina maana tena. Akajibu kwamba uwanja ni wa michezo na mawe ni ya shule, na akakalia kiti chini ya kivuli cha darasa na kikombe cha chai. Kwenye baraza ya ofisi sanduku la bati la Nanga lilikuwa limekaa tayari. Nanga mwenyewe alilikalia, kichwa kimefungwa bandeji kama kilemba.

Tulipanga mawe. Kigingi kilikuwa bado katikati, alama za kamba zilionekana kidogo kwenye vumbi, na kila bweni lilikumbuka njia yake. Kazi ilikwenda vizuri hadi tulipofika mzunguko wa tatu, upande wa mbali. Watu wa Mabati wakaleta mawe saba, wakaikata njia yao.

"Hapa palizibwa," alisema yule kitoto wa kidato cha kwanza, mkono kwenye kamba ya bandeji. "Ndipo tulipogeuka."

"Kweli," mtu wetu mmoja akasema. "Na hapo pembeni palikuwa wazi. Ndipo mlipotuingilia."

Waliitikia wote, Mabati na Matofali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muhula mzima mabweni yote mawili kukubaliana juu ya jambo lolote, na walikuwa wamekubaliana juu ya kazi yangu.

Ningeweza kuwaacha. Nilitazama baraza, nikatazama dirisha la zahanati, na nikajiambia kwamba kama njia ikiwa sawa Mama Dripu anaweza kumwomba Mkuu jaribio jingine kabla ya saa sita. Hiyo ndiyo iliyokuwa hekima yangu. Nikainama, nikaokota mawe yale moja moja, na kuyapanga kwenye uwazi, palepale pake, hata lile lenye pembe nikakumbuka kuligeuza pembe ikae ndani.

"Wewe Askofu, unaharibu," alisema kitoto. "Hayo yalikuwa hapa."

"Yalikuwa pale," nikasema.

Nilisikia funguo. Mama Dripu alikuwa ameshasimama nyuma yangu na chai yake. Alitoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akaitazama, akatazama mawe, akaitazama tena. Ilikuwa ramani ya fundi bomba, imechorwa kwa penseli.

"Yalikuwa pale," alikubali. "Lini?"

Ndipo nilipopiga hesabu. Jumamosi tulikuwa tumefungiwa ndani, wote. Jumapili kila aliyefika pale aliukuta mstari uko wazi na njia imezibwa, wote. Watu waliowahi kuyaona mawe yale saba mahali pake walikuwa Mama Dripu, fundi bomba, na mmoja zaidi.

"Jana usiku kucha," alisema, "nilikuwa najiuliza nitampataje aliyeyasogeza. Sikufikiri atakuja kunirudishia mwenyewe." Hakuinua sauti. "Kwa nini, mwanangu?"

Nilisema mawe ni mimi. Nilisema kwa sababu ya Redio. Nilisema kwa haraka, kwa kichwa chini, na nilipomaliza nilidhani nimemaliza, nikasubiri adhabu kwa sura niliyoizoea. Wavulana walikuwa wamesimama pande zote mbili za mstari. Wengine bado walikuwa wameshika mawe.

Mama Dripu hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama zahanati. Nikageuka.

Redio alikuwa amesimama dirishani, amelibandika daftari kwenye kioo kwa viganja viwili. Alikuwa ameandika neno moja kwa herufi zilizojaza ukurasa, amezikolezea kalamu mara nyingi, na lilisomeka mpaka barazani. *SEMA.*

Kwa hiyo nikasema. Nilisema kwamba ile Jumatatu jioni, watu wakiwa wanakula, niliaga naumwa tumbo, na ndoo kumi na mbili nilizihamisha mimi, kwa mikono hii, nikazipanga kwa urefu ili nione nyuso zenu asubuhi, na Redio alisimama kwenye kona ananilindia huku akicheka mpaka nikamwambia apunguze sauti. Nanga hakugusa ndoo ya mtu. Nilisema na lile ambalo hata Redio sikuwahi kumwambia: kwamba ile asubuhi bombani nilikuwa namtukana Nanga mama yake, nacheka, na ndoo aliyoizungusha ilikuwa inakuja kwangu. Niliiona ikija. Redio alikuwa nyuma yangu na nilijua yuko nyuma yangu, kwa sababu nilikuwa namsikia anaongea.

Niliinama.

Mama Dripu aliimwaga chini chai iliyobaki, akaniwekea kikombe mkononi, akaninyooshea kidole bombani. Maji yalikuwa bado yanatoka.

"Jaza," alisema. "Kisha uyabebe hadi kwa Mkuu, na kila kona uyarudie hayo maneno, usije ukayasahau njiani."